Madumu ya Upande wa Kushoto

Mpaka leo nikipita mahali ambapo petroli imemwagika juu ya majani mabichi, siwezi kuendelea na safari yangu kama watu wengine. Harufu ya petroli peke yake hainishtui, wala ya majani peke yake. Ni lazima viwe pamoja, petroli na majani yaliyopondwa na matairi, na ardhi iwe imenyeshewa jana yake. Hapo miguu yangu huanza kuwasha. Nataka kukimbia, na sijui nakimbilia wapi. Ni harufu ya masika fulani nilipokuwa mtoto wa miaka kama kumi, pale Natta, masika ambayo nyumbani kwetu hakuna mtu aliyeweza kutulia kitini.

Baba yangu, Mwita, alikuwa dereva wa kambi moja ya watalii. Alizaliwa Kenyamonta, mtu mrefu wa maneno machache, na sifa yake kubwa ilikuwa macho. Wenzake walisema Mwita humwona chui aliyelala juu ya mti wakati wengine bado wanautafuta mti. Mama alikuwa Mhehe wa Iringa, muuguzi wa zahanati. Alipangiwa Natta akiwa msichana, akaja akijiambia atakaa mwaka mmoja tu aombe uhamisho. Alipenda kusema kwamba mwaka ule haujaisha.

Masika kambi ilifungwa, maana barabara hugeuka uji na watalii huwa kwao. Miaka mingine Baba aliitumia likizo hiyo kulima na kulala. Mwaka ule hakulala. Siku chache kabla ya kufunga alikuwa ameigonga nguzo ya geti la kambi kwa gari la kazi, ubavu wa kushoto, nguzo aliyoipita miaka yote. Alisema mvua imeihamisha. Wenzake wakacheka, naye akacheka nao, lakini nyumbani hakucheka. Alikuwa akiamka anazunguka uani, anaingia ndani, anatoka tena, anashika jembe na kuliweka chini. Hata mbwa wetu alichoka kumfuata, akawa anamtazama tu kutoka kivulini.

Ndipo likaja lile gari. Mzungu aliyekuwa msimamizi wa kambi alirudi kwao, akaacha nyuma ya stoo ya jikoni gari dogo jekundu la viti viwili, lisilo na paa, na kumwambia Baba alichukue akilitaka. Kwa nini mtu alileta gari la namna ile kwenye barabara zetu, hatukuwahi kuelezwa. Lilifika nyumbani juu ya lori la matofali, kwa kuwa lingekuja kwa miguu yake lingeacha tumbo kwenye korongo la kwanza. Watu wa Natta walilizunguka, wakaangua kicheko, wakaliita Sado, kama kile kindoo cha kupimia mahindi sokoni, kwa sababu mtu mzima akiingia alijaa mpaka juu akafurika.

Wakati huohuo Baba alisikia kwamba Tarime kuna watu wenye magari, madereva wa kawaida tu, wanaoandaa mashindano mvua zikipungua. Hayakuwa mashindano ya kufukuzana. Mapipa yanapangwa uwanjani, kila gari linaingia peke yake na kupinda katikati ya mapipa kwa njia iliyochorwa, huku saa ikihesabu. Ukiligusa pipa, unaongezewa muda.

"Mtu mzima na akili zako, unataka kwenda kuzunguka mapipa?" Mama alimuuliza.

"Nataka kuona kama bado naweza."

"Unaweza nini?"

Baba alikuwa ameshatoka nje.

Tukaanza kuliandaa. Nasema tukaanza, kwa sababu mikono yangu ilikuwa midogo, na Sado lilikuwa na vichochoro ambavyo mkono wa Baba haukuweza kupita. Kutoka Mugumu alikuja Fundi Salimu, rafiki wa Baba, ambaye babu yake alifika kutoka pwani akiwa na cherehani begani na hakurudi tena. Alikuwa fundi magari na fundi wa kuchomelea, mwenye mdomo usiokauka mzaha. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi spana kana kwamba ni zawadi ya sikukuu.

"Kwanza tulipunguzie mzigo," alisema. "Gari la kukata kona likiwa zito ni kama bibi harusi aliyeshiba."

Tuling'oa mazulia, bampa, redio isiyosema kitu, na tairi la akiba. Salimu akachomelea bomba nene nyuma ya viti, lililopinda kama upinde, ili gari likipinduka vichwa visiguse ardhi. Mama alipoliona bomba lile na kuambiwa kazi yake alikwenda kufua nguo ambazo alizifua jana yake. Baba alisafisha plagi, akabadili breki, akafunga springi ngumu zaidi. Kila kazi ilipokwisha alitafuta nyingine. Alikula amesimama. Darasani mimi nilichora kona na mapipa nyuma ya daftari la hesabu, na kengele ya mwisho ilinikuta nimeshavaa mkoba mgongoni.

Kulikuwa na kiwanja kitupu nyuma ya zahanati, majani mafupi, ng'ombe wakipita asubuhi na jioni. Hatukuwa na mapipa, kwa hiyo nilipanga madumu ya maji yenye mchanga kidogo ndani ili upepo usiyachukue. Siku ya kwanza Baba alipoingia na Sado moyo wangu ulitaka kutoka. Gari lilinguruma kuliko umbo lake, likajikunja, likajinyoosha, majani yakaruka nyuma yake. Na dumu likaruka pia. Kisha jingine.

Nikayasimamisha. Akarudia. Yakaanguka tena, na nikaanza kuona kwamba nakimbilia upande uleule kila mara. Madumu ya kulia yalibaki yamesimama kama askari. Ya kushoto ndiyo yaliyokuwa yakilala.

"Linavuta kushoto," Baba alisema.

Salimu alikaza stelingi, akabadili tairodi. Yakaanguka. Akabadili bushi. Yakaanguka. Wakahamisha matairi ya kushoto kuyapeleka kulia, wakapima upepo, wakanyoosha magurudumu kwa kamba na misumari. Kila jioni ilianza kwa matumaini na kuisha kwa mimi kukusanya madumu yaliyobonyea. Mwishowe Salimu mwenyewe aliliendesha, akaliachia usukani katikati ya kiwanja. Sado likaenda mbele likiwa limenyooka kama uzi.

Alishuka akafuta mikono kwa muda mrefu. "Bwana Mwita," alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha, "mbaazi ukikosa maua husingizia jua."

"Una maana gani, mura?" Baba aliuliza, akimwita kijana kwa lugha ya kwao.

"Gari ni zima."

Baba alimtazama, akaingia garini, akaliwasha na kuondoka kwa kasi hadi mwisho wa kiwanja, akabaki amekaa huko injini ikiunguruma. Salimu alikusanya vifaa vyake akapanda bodaboda bila kunywa chai. Mimi nilibaki katikati na dumu mkononi, nikiwa na hasira na wote wawili. Niliamini Salimu ameshindwa kazi na hataki kusema.

Kesho yake Mama alitoka zahanati bado amevaa sare. Alisimama akatazama madumu yakianguka, kisha akakivuka kiwanja.

"Nipishe."

Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha, kabla hata sijazaliwa. Aliinua sketi, akajitumbukiza kwenye Sado, akaanza kuyapita madumu taratibu, kulia, kushoto, kulia. Hakuna lililoanguka.

"Umetembea," Baba alisema. "Hata mtoto angepita."

Mama akarudia kwa kasi iliyofanya kofia yake nyeupe iruke. Dumu moja lilitikisika, likafikiri, likabaki wima. Nilipiga makofi, kisha nikaona kwamba napiga peke yangu.

Mama alishuka, akasimama mbele ya Baba karibu sana. "Niangalie puani. Usigeuze kichwa." Akaunyoosha mkono wake wa kulia pembeni, upande wa kushoto wa Baba, vidole vyote vimefunguka. "Vingapi?"

"Mama Ghati," alisema, akimwita kwa jina langu, "sina muda wa michezo."

"Vingapi, Mwita?"

"Viwili," alisema.

Nilicheka kwa sauti. Nilidhani anamtania. Hakuna aliyecheka nami, na Mama alishusha mkono polepole, akaenda kuitafuta kofia yake kwenye majani.

Sijui walizungumza nini siku zilizofuata. Nilisikia sauti kupitia ukuta, ya Mama ikipanda, ya Baba ikikatika. Neno "hospitali" lilipita mara kadhaa, na jibu lilikuwa lilelile, "Baada ya Tarime." Mama, ambaye kila siku aliwaambia wagonjwa wake kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, alikubali. Alimwomba Salimu naye aje, na Salimu akaja, akaleta lori la ndugu yake kulibeba Sado, kama vile yeye na Baba hawakuwahi kugombana.

Uwanja wa Tarime ulikuwa mpana na umelowa. Kulikuwa na magari ya kila aina, mengine yamekuja kutoka Musoma, mengine kutoka ng'ambo ya Sirari na vijana wao wa Kikenya wenye miziki mikubwa. Sado lilipoteremshwa walikuja kupiga nalo picha za simu. Familia za madereva tuliwekwa mwisho wa njia, upande wa kushoto, nyuma ya kamba iliyofungwa kwenye vijiti.

Kila dereva alikuwa na zamu mbili. Baba alipoingia watu walishangilia, maana Sado lilikata kona kama panya. Pipa la kwanza la kushoto liligongwa, nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amemaliza kona ya mwisho na anakuja upande wetu. Nilimpungia mkono. Alikuwa akitazama mbele, uso umetulia kabisa, na gari lilikuwa likija kwenye kamba. Halikupunguza mwendo. Nilisikia watu wakipiga yowe, mtu akanivuta gauni pembeni, nikaanguka kifudifudi, na upepo wa gari ukapita juu ya mgongo wangu. Puani mwangu mlikuwa na majani yaliyosagika na petroli.

Baba alisimamisha gari mbele kidogo, akavua helmeti, akaja kwetu anatabasamu.

"Wanapiga kelele za nini?" aliuliza. "Leo limevuta kidogo tu."

Mama hakupaza sauti. Alimshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, akamzungusha hadi ubavu wa kushoto wa gari. Kamba ilikuwa imenasa kwenye kioo cha pembeni, inaburuta vijiti viwili na vipande vya majani.

"Kamba hii ilikuwa mbele ya mtoto wako."

Baba aliitazama ile kamba. Akanigeukia, akaona tope kwenye gauni na magoti yangu. Alikaa chini palepale kwenye maji, mtu mzima, mbele za watu. Sikuwahi kumwona Baba amekaa hivyo, bila kutaka kuinuka. Baada ya muda akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Mama.

"Zamu ya pili ni yako."

Mwenye saa alikataa kwanza, akisema gari limeandikishwa kwa jina la Mwita. "Na huyu ni Mwita pia," Salimu alimwambia, "muulize aliyemwoa." Kijana mmoja wa kutoka ng'ambo akapaza sauti, "Wacha mama aendeshe, bana!" Uwanja mzima ukaitikia.

Waliingia wote wawili, Mama kwenye usukani, Baba kushoto kwake. Njia nzima Baba aliijua kwa moyo, kwa kuwa asubuhi aliitembea kwa miguu. Nilimsikia juu ya ngurumo ya injini akimwambia, "Sasa! Kata! Achia, achia... kata tena!" Hawakugusa pipa hata moja. Hatukushinda. Alishinda mmoja wa wale vijana wa miziki, na sisi tulikuwa katikati huko. Mama aliposhuka, Baba alimshika mkono na hakuuachia mpaka tulipopanda lori.

Kabla kambi haijafunguliwa alikwenda mwenyewe kumwambia mkubwa wake kwamba hatabeba watu tena. Mwanza madaktari walisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani, na la kulia lilikuwa limeanza. Lililopotea halingerudi, lakini kwa dawa ya matone wangeweza kulinda lililobaki, na mpaka leo limebaki. Kambi ilimpa kazi ya karakana. Miaka ya kwanza ilimuuma. Magari yalipoondoka alfajiri alisimama getini hadi vumbi likatike. Sado aliliendesha Mama kwenda zahanati kila kiangazi, mpaka kutu ilipolimaliza.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Baba kwa nini aliyataka mashindano yale, ilhali alijua anaumwa. Alikuwa akikaza nati, hakuinua kichwa.

"Ugonjwa niliujua. Ukubwa wake ndio sikuujua. Nikasema bora niuone kwa madumu kuliko kwa watu." Akaikaza nati nyingine. "Nusura niuone kwako."

Nilidhani nimepata jibu lote. Kumbe lilibaki moja, nalo alinipa Mama, jioni moja nilipokwenda kuwasalimu na kuwaandalia chai. Alinitazama nikiweka kikombe cha Baba mezani, akaniuliza tangu lini nakiweka kulia kwake. Nikasema tangu augue. Akatikisa kichwa. Alisema nilianza mapema zaidi, kabla ya gari, kabla ya nguzo ya geti, nikiwa mtoto mdogo wa kubeba kikombe kwa mikono miwili. Nilizunguka nyuma ya kiti nikakiweka kulia, kwa sababu upande wa pili Baba alikuwa akikigonga na chai ikimwagika. Ndivyo yeye alivyojua kwamba Baba haoni upande wa kushoto. Tangu siku hizo akawa ananitazama mimi, kisha anamtazama Baba, na anaogopa kusema.

Nilisimama pale na birika mkononi. Baba alinyoosha mkono, akakikuta kikombe pale kilipokuwa, akanywa.