Duka lilipofungwa Kibiti niliacha mahameli nikabeba kitambaa cha godoro

Wakuu, salaam kwenu popote mlipokaa na simu zenu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha, maana wahusika wapo na wengine wana bando kama nyinyi.

Mimi ni mtu wa Makete. Niliondoka nyumbani nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Nimekaa Mbeya, nikaenda Songea, nikakata Tunduru hadi Masasi msimu wa korosho. Nikashuka Lindi, nikavuna chumvi Kilwa. Kila mahali nafika nasema hapa ndipo, baada ya miezi nakumbuka ukungu wa kwetu, nafunga begi. Cha ajabu sikuwa narudi kwetu. Nilikuwa nakwenda tu mbele.

Hadi siku niliyopanda lori la nazi pale Nangurukuru. Likaharibika Nyamwage, tukalala hapo siku mbili tukila mihogo ya kuchoma. Siku ya tatu likawaka, tukavuka daraja pale Ndundu, jioni nikashushwa Kibiti.

Nilipanga kukaa usiku mmoja. Nikakaa miaka mitatu.

Sababu ni cherehani. Asubuhi nilipita kwenye kibanda cha mama mmoja mtu mzima, tumwite Bi Zuhura, nikamkuta anahangaika na mfarishi. Kwa wasioujua, mfarishi ni lile blanketi nene la viraka, katikati limejazwa kitu laini kisha likashonwa mistari mistari ili kisihame. Mama yangu alikuwa anashona hivyo kwa ajili ya baridi la Makete, nikajifunza kwake. Nikamwambia Bi Zuhura shikamoo, naomba nikusaidie. Akaniangalia, akanisogezea kigoda.

Tangu hapo jina langu likawa Mkinga, kwa kabila langu.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, maana ndilo lililoniokoa baadaye.

Kwetu katikati tunaweka blanketi kuukuu. Kule Rufiji wanaweka sufi, ile pamba nyepesi inayotoka kwenye miti ya misufi. Sufi ni laini, lakini ina nyuzi ndogo zinazopenya kwenye kitambaa chepesi. Mimi sikujua. Nikamshonea mwalimu mmoja mfarishi wa kanga juu na kanga chini, sufi katikati. Mzuri kwa macho.

Siku ya nne yule mwalimu akarudi. Nyusi nyeupe kwa sufi, kitambaa cha kichwa cheupe, anapiga chafya. Akautupa mezani.

"Mkinga, nilikuagiza mfarishi. Wewe umenishonea kuku."

Kibiti nzima ilicheka. Bi Zuhura ndiye aliyenionyesha dawa yake: sufi lazima ivalishwe kwanza kitambaa cha mistari cha kushonea magodoro, kile kilichofumwa kubana. Ndipo juu uweke urembo wako. Tena kwa kuwa kitambaa hicho ni ghali, mafundi wengi wanakiruka.

Tuje kwenye kisa chenyewe.

Bi Zuhura alikuwa amemlea binti wa marehemu dada yake, tumwite Mwajuma. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Sasa Mwajuma akachumbiwa huko Salale, kwenye delta ya mto Rufiji, ambako ndiko asili ya Bi Zuhura pia. Kijana mzuri, mkulima wa mpunga. Shida ilikuwa dada wa yule kijana, Bi Tatu. Kwenye shughuli moja alisema mbele za watu kwamba mtoto asiye na mama ataletwa na mkeka mmoja.

Wakuu, kule matandiko ya bibi harusi yanabebwa kichwani mchana kweupe hadi nyumbani kwa mume, na wanawake wa upande wa pili wanayakagua moja moja. Neno kama lile halisahauliki. Bi Zuhura hakugusa cherehani siku mbili. Ya tatu akasema tutashona mfarishi mkubwa ambao Salale haijauona, akatangulia huko kuandaa sufi na wanawake wa kushona. Mimi nikabaki Kibiti na kazi moja: kununua vifaa.

Bahati ikaja na mtihani wake. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa alikuwa anahamia kwa watoto wake Dar, anauza kila kitu nusu bei, siku hiyo moja tu. Bi Zuhura akapata mtandao kwa dakika moja akanipigia.

"Mahameli nyekundu. Usije bila hiyo."

Simu ikakatika.

Nilipofika dukani, mahameli ilikuwa inagombaniwa kama mchele wa msiba. Nikafanikiwa kukamata jora la mwisho. Jekundu, linameremeta. Nikasimama nalo kifuani, nikaangalia ule mfuko wa pesa nilioachiwa. Ukinunua mahameli, mfuko umekwisha. Ndani ya mfarishi itabaki sufi tupu na kanga kwa chini.

Kwenye mawazo nikamwona Mwajuma amelala na mumewe, asubuhi wote wawili wameamka kuku.

Nikajiuliza swali moja: nikiwa Salale, kitu gani kikikosekana kazi inasimama na jirani hana cha kuniazima? Kule kwenda na kurudi ni bodaboda hadi Nyamisati, halafu boti, na boti inasubiri maji yajae. Kitambaa cha juu, kila nyumba ina kanga. Lakini uzi mgumu? Kitambaa cha magodoro? Sindano? Hewa ya chumvi inazila sindano kule hadi zinakatika kama njiti.

Nikalirudisha lile jora. Mama mmoja alilidaka kabla sijaliachia vizuri.

Nikabeba kitambaa cha magodoro chote kilichobaki, rili za uzi mweupe na mweusi, sindano za mkono pakiti kwa pakiti nikazifunga kwenye kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Vitu ambavyo hakuna aliyekuwa anavigusa. Mwenye duka akaniuliza kama nimeagizwa na hospitali.

Kwenye boti nilikaa juu ya furushi langu. Nilikuwa nimevunja agizo la mwanamke aliyeniamini.

Bi Zuhura alifungua furushi barazani, wanawake kumi hivi wamemzunguka. Akatoa uzi. Akatoa sindano. Akatoa kile kitambaa cha mistari. Akakung'uta furushi, likawa tupu.

"Mahameli iko wapi?"

"Sikuinunua, mama."

"Wao wamesema mkeka. Wewe umewaletea godoro."

Akaingia ndani. Nilitamani kugeuza na boti ileile lakini maji yalikuwa yameshakupwa.

Aliyeokoa jahazi ni Bi Siwema, rafiki wa marehemu mama yake Mwajuma. Alikichukua kile kitambaa, akakivuta, akapuliza kwa mdomo kuona kama pumzi inapita. Haikupita. Akasema huu ndio mfarishi, kilichobaki ni sura tu. Halafu akauliza polepole, kama anajiuliza mwenyewe:

"Kwani kanga za marehemu ziko kwa nani?"

Wanawake wakatazamana.

Niwaeleze. Kule mtu akifariki, nguo zake hugawiwa ndugu na mashoga zake. Mama yake Mwajuma kanga zake ziligawiwa hivyohivyo, miaka mingi iliyopita. Wakaanza kuhesabu kwa vidole: moja iko kwangu, ile ya njano iko kwa fulani kijiji cha pili, nyingine alipewa mkunga. Ujumbe ukatumwa kwa kila boti iliyopita.

Kesho yake zikaanza kuingia. Nyingine zimefifia. Moja ilikuwa imebebea watoto watano, mwenyewe ameifua na kuipiga pasi. Zikafika kumi na moja. Ya kumi na mbili Bi Zuhura aliitoa mwenyewe chini kabisa ya sanduku lake, akaiweka juu ya zingine bila kunitazama.

Mwajuma alizipitia zote. Akasimama kwenye ile yenye pindo la korosho.

"Hii alinibebea."

Basi. Mkasi ukaingia kazini.

Tulishona siku nne. Sindano zilikatika, tukachukua nyingine. Uzi haukuisha. Hakuna aliyekwenda Kibiti.

Siku ya kupeleka matandiko, Bi Tatu alikuwa amevaa buibui jeusi jipya. Akaukunjua mfarishi, akautazama juu, akautazama chini. Kisha akaukalia. Akajisugua kabisa, nadhani habari za mwalimu na kuku zilikuwa zimefika hadi kule. Akanyanyuka, akageuka, akawauliza wenzake waangalie nyuma.

Hata unyuzi mmoja haukuonekana.

Akabaki na swali moja tu.

"Nani kashona?"

Bi Zuhura akajibu kabla hatujafungua midomo.

"Mama yake."

Wakuu, vigelegele vya siku ile nadhani vilisikika Mafia. Bi Tatu mwenyewe aliinama akaushika ule mfarishi upande mmoja, akasaidia kuutandika.

Baada ya hapo kazi zilitufurika. Wanawake wanakuja na kanga za mama zao, za bibi zao. Na mimi kila nikikata kipande, najiuliza kitu ambacho sikuwahi kukiuliza. Mama yangu alifariki nikiwa Tunduru. Habari ilinifikia ameshazikwa. Sikujua nguo zake alipewa nani.

Wiki iliyopita nikampigia dada yangu. Akasema kitenge kimoja amekiweka, kwa sababu alijua ipo siku mzururaji atakiulizia.

Naandika haya nikiwa kwenye basi, narudi kwetu Makete, tumeshapita Mkuranga. Kibiti nimeondoka moja kwa moja. Asubuhi nilimuaga Bi Zuhura, hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema tu nenda, mwanangu, usimkawize dada yako.

Nilichojifunza: ukikuta vitu vimeshushwa bei, usiangalie kilichoshuka zaidi wala kinachogombaniwa. Angalia ni kipi kikikosekana kazi yako inalala.

Mafundi mliomo humu, nyinyi mngebeba nini siku ile? Na aliyewahi kurudi kwao akiwa amechelewa, aniambie unaanzaje kubisha hodi.