Kitambaa cha Kompyuta

Miaka ile ya tisini, kikundi chetu cha akina mama pale Kariobangi kilikuwa na kompyuta moja, na aliyeijua nilikuwa mimi. Sisemi kwa majivuno. Haya basi, nasema kwa majivuno! Amri zake zote nilikuwa nazo kichwani, nazichapa kwenye skrini nyeusi bila kutazama vidole. Mtu akifiwa, ratiba ya mazishi ilitoka mikononi mwangu, na jina la mkwe halikuwahi kurukwa.

Kisha ikaanza kuganda. Unachapa nusu saa, inasimama tuli, kazi yote inapotea. Tukaita fundi, kijana wa mjini. Hakukaa hata dakika kumi.

"Siste, huu mfumo ni wa kitambo," akaniambia. "Wekeni mpya. Unashika mausi, unabonyeza picha, basi. Hata mtoto ataendesha."

Hata mtoto! Roho iliniuma. Kama hata mtoto ataendesha, mimi nitakuwa wa nini? Kamati ikasema itaamua Jumamosi, na nikasikia minong'ono kwamba mfumo mpya ukija, atatafutwa msichana aliyeusomea.

Ijumaa asubuhi ikaja familia moja iliyofiwa. Mwili ulikuwa unasafirishwa magharibi alasiri hiyohiyo, na ratiba ilikuwa haijachapwa. Siku hiyo kompyuta ilikuwa uchi, maana kitambaa chake nilikuwa nimekipeleka nyumbani kukifua kwa ajili ya mkutano. Kwetu hakuna kitu kinachokaa bila kitambaa cha kufuma: redio, kochi, hata mtungi wa maji. Cha kompyuta alikifuma mwenyekiti wetu kwa mkono wake, cheupe, kinafunika kila kitu mpaka nyuma. Nikifanya kazi nilikikunja mbele tu, kama pazia.

Nikachapa tangu saa mbili hadi saa saba. Haikuganda hata mara moja. Familia ilipoondoka na ratiba zake, nikabaki nimeikodolea macho ile mashine. Nikaweka kiganja nyuma, kwenye feni. Upepo ulikuwa unatoka vizuri. Nikaitoa leso yangu kiunoni, nikaifunika mashine mpaka nyuma, nikaendelea kuchapa. Haikupita nusu saa ikawa moto kama sufuria, ikaganda. Ala! Kumbe tulikuwa tukiinyonga wenyewe.

Jumamosi nikasimama mbele ya kamati. Kumwambia mwenyekiti, mbele ya akina mama wote, kwamba kazi ya mkono wake ndiyo ugonjwa? Lakini nafasi yangu niliipenda kuliko nilivyomwogopa yeye.

"Mama, kompyuta haina ubaya," nikasema. "Inakosa hewa. Ni kile kitambaa."

"Una hakika?" akauliza mwenyekiti.

"Nimejaribu jana kwa leso yangu mwenyewe."

Akacheka yeye kwanza, ndipo wengine wakathubutu. Mfumo wetu wa zamani ukabaki. Miaka miwili baadaye tuliweka mpya kwa hiari yetu, na mausi niliishika mimi.

Lakini Jumamosi ile, kabla mkutano haujafungwa, mwenyekiti alikichukua kile kitambaa nilichokirudisha kimefuliwa, akazunguka meza, akakitandika kwenye mgongo wa kiti changu. Akanyoosha pembe zake polepole, kila mtu akimtazama.

"Hapa ndipo pake," akasema. "Na kiti hiki asikikalie mwingine."