Omena Ndani ya Kibuyu cha Maziwa

Nilifika Kericho katika miaka ya hamsini, bibi harusi wa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai. Kwetu kando ya ziwa nilikuwa mfinyanzi, na maringo yangu yote yalikuwa hapo. Kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi, nilikuwa mke wa fundi tu, mikono mitupu, mvua kila alasiri. Udongo mzuri ulikuwa mahali pamoja: ukingoni mwa kijito, kwenye shamba la mama mmoja Mkipsigis aliyetuuzia maziwa. Nilimwomba nichimbe. Akasema atafikiria. Akafikiria miezi miwili.

Siku moja akaniletea mursik, maziwa yao ya kugandisha, ndani ya kibuyu chenye mkanda wa ngozi. Kwetu ni aibu kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu, nikaona bahati yangu ndiyo hiyo. Nikakisugua ndani kwa mchanga mpaka weusi wote ukatoka, nikakijaza omena waliokaushwa niliotumiwa na mama yangu, nikampelekea.

Alifungua kifuniko, akanusa, akarudi nyuma hatua tatu.

"Wewe! Umeweka nini kwa kibuyu ya maziwa?"

"Samaki, Mama. Ni zawadi."

Ndipo nilipojua kwamba kwao samaki hawaliwi, na kwamba ule weusi niliodhani ni uchafu ulikuwa mkaa wa mti maalumu, aliousugua humo kwa mkono wake tangu alipoolewa. Nilitamani ardhi ipasuke. Udongo ndio umekwenda, nikawaza, nitazeekea hapa nikiosha sufuria.

Aliketi kwenye nyasi, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

"Hii imekufa," akasema, akijifuta macho. "Sasa nenda kule chini, chimba udongo, unitengenezee ingine. Na samaki usiniletee tena!"

Nilifurahi hata nikasahau kuaga. Nilimfinyangia chungu chenye shingo ndefu kama ya kibuyu chake, nikakizungushia nakshi za kamba kama za kwetu. Yeye akakishonea mkanda wa ngozi na shanga. Mursik ilikataa kabisa kukaa humo, akakitumia kuwekea mbegu za wimbi. Nami nilichimba pale miaka yote tuliyoishi Kericho.

Kibuyu cha omena hakukitaka. Kiko ukutani kwangu mpaka leo. Kikiota jua kinanuka samaki wa kwetu, na chini ya samaki, ule mkaa wake niliodhani nimeumaliza.