Uma wa Mbele wa Baiskeli ya Mume Wangu

Nilipoolewa Ngonga, enzi za Mwingereza, mume wangu alikuwa na baiskeli kuukuu aliyorudi nayo kutoka migodini. Uma wake wa mbele ulikuwa na ufa. Mhunzi mmoja wa Ikolo alifunga vipande vya shaba juu ya ufa, akavifunika kwa udongo wa mfinyanzi, akauchoma uma kwenye makaa mpaka shaba ikayeyuka na kuziba. Kisha ukapakwa rangi nyeusi. Mume wangu akatamba nayo wiki nzima, utadhani kaiunda yeye.

Jumamosi moja, yeye akiwa ameenda Kasumulu kwa miguu, niliiosha. Pembeni ya shaba rangi ilikuwa imepasuka. Nilipitisha ukucha, ukanasa. Shaba ilikuwa imeshika upande mmoja tu.

Ndipo nikasikia kikohozi cha baba mkwe. Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake wala hasemi naye. Mzee hukohoa makusudi ili mkwe apate muda wa kujificha. Tulikuwa Wakristo, tuliimba kanisa moja, lakini mwiko huo haukubanduka. Nikakimbilia migombani. Nilipochungulia, nikamwona kwa nyuma akiikokota baiskeli kuelekea njiani. Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani wa kumtuma.

Nikageuza uso, nikapiga kelele kumwita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata, usipande! Uma umepasuka!"

Aliposikia sauti yangu alifanya kile ambacho mzee yeyote mwenye heshima zake angefanya. Alirukia baiskeli, akakanyaga pedali kwa nguvu zote, akamkimbia mkwe wake.

Uma ulikatika kwenye daraja la magogo. Walimrudisha kwa machela, taya limevunjika, na mimi nikajificha tena walipokuwa wakipita naye. Nilikuwa na hasira, sijui ni na mhunzi, na mzee, au na nafsi yangu. Kwa wiki nyingi nilijifariji kwa jambo moja tu, kwamba maneno yangu hayakumfikia.

Taya lilipopona na ulimi ukafunguka, mama mkwe alikuja jikoni kwangu akiwa na ujumbe.

"Anasema alikusikia," akaniambia. "Alisikia kila neno. Anauliza, angesimamaje?"

Nililia siku hiyo kuliko siku aliyoanguka.