Fundi Darnetta Azama Kwenye Taka Kuokoa Madirisha

Gari la taka linasikika mtaa wa pili, na miguu ya Darnetta Pruitt inaning'inia nje ya kontena la taka, uchochoroni, hapa St. Louis.

“Marcus! Pokea hili. Taratibu bwana, siyo boksi la piza hilo!”

Anachotoa ni dirisha la mbao, kuukuu kuliko bibi yake.

Iko hivi. Darnetta ni fundi wa madirisha ya zamani, na ameitwa kwa Earlene Vashon, mwalimu mstaafu. Nyumba ya Earlene ni ya kihistoria, na serikali ya jimbo humpunguzia kodi mwenye nyumba ya aina hiyo anapoikarabati. Sharti moja: kinachotengenezeka hakitupwi. Earlene ameshakopa pesa za paa akitegemea nafuu hiyo. Akiikosa, anauza nyumba.

Sasa, jana mkwewe Marcus kamfanyia sapraizi. Kang'oa madirisha yote ya mbele, kaagiza ya plastiki!

“Mama alikuwa analalamika baridi,” anajitetea. “Nikasema ngoja nimfurahishe.”

“Umenifurahisha mpaka natetemeka,” anajibu Earlene kutoka mlangoni, kajifunga blanketi.

Gari la taka linafika. Darnetta anasimama mbele yake, mikono kiunoni, hadi Marcus anatoa dirisha la mwisho. Vioo viwili vimevunjika, ila haimsumbui: gereji yake imejaa vioo vya zamani alivyookota kwenye nyumba zinazobomolewa.

Kazi hii alifundishwa na baba yake. “La plastiki likiharibika unatupa,” anasema Darnetta. “Hili unakwangua rangi, unabadilisha kamba za kulivutia juu, linapanda tena. Na ukiliziba vizuri, baridi haipiti.”

Hiyo ilikuwa Oktoba. Madirisha yalirudi ukutani, wakaguzi wa jimbo wakaja, wakayafungua na kuyafunga. Wiki iliyopita jibu lilitoka: nafuu imekubaliwa! Earlene haondoki.

Darnetta naye amenunua gofu la matofali nyuma ya uchochoro uleule. Anataka kuliombea nafuu hiyohiyo, na chumba cha chini akigeuze darasa la ufundi.

Mwanafunzi wa kwanza ameshapatikana. Ni Marcus, kaletwa na mama mkwe wake.

“Nimempokea,” anasema Darnetta, “ila bisibisi atashika mwaka wa pili.”