Mkanda wa Kiviza

Nyatichi alikuwa zizini kwao Suna akiwamwagia mbuzi maji simu ilipolia. Kabla hajaipokea, kiviza, yule mbuzi wa baba yake asiyekua, alilia. Hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu mbuzi yule hakuwa na tabia ya kulia.

"Dada, kaa chini kwanza," alisema Cliff, mdogo wake, kutoka hospitalini Homa Bay. "Baba ametuacha. Amelala tu, kama mtu aliyechoka."

Alikaa pale pale kwenye matope. Kiviza akaja, akasimama mbele yake, akamkazia macho.

Baba yao, mzee Mochama, alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Alinunua katika soko la Kehancha, na mara nyingi alirudi na mmoja asiyetakiwa na mtu, kichwa kikubwa, miguu kama vijiti. Majirani waliwaita wanyama hao vibeti. Mzee alikataa. "Kibeti ameumbwa mfupi. Huyu ni kiviza."

Neno hilo alilitoa Mombasa, alikofanya kazi machinjioni ujanani. Mwenyeji mmoja alimweleza kwamba linatokana na kuvia, yaani kuanza kukua kisha kusimama njiani. Hata yai lililoharibika kabla ya kuanguliwa huitwa viza. "Aliyesimama anaweza kuendelea," Mochama alipenda kusema. Yeye mwenyewe alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akabaki mfupi maisha yake yote. Sokoni walimtania, "Mochama, leo umekuja na ndugu yako?" Naye alijibu, "Ndiyo, na mwenye sura nzuri ni yeye."

Wengi aliwalea wakanenepa. Huyu wa mwisho hakuongezeka. Mkanda wa ngozi aliomshonea shingoni akiwa mtoto ulimtosha miaka yote, haukulegezwa hata mara moja. Jirani yao Susana alisema bibi yake alimwogopa sana mnyama wa namna hiyo. Eti miaka asiyoitumia humwachia mwenye boma, na siku mnyama akianza kukua, mwenye boma hayupo tena.

"Miaka yangu iko kwa Mungu, mama," mzee alimjibu akicheka. Lakini siku ya kupelekwa Homa Bay alimshika Nyatichi mkono. "Yule asichinjwe. Niahidi." Nyatichi akaahidi.

Kesho yake baada ya ile simu, kiviza alikuwa akikohoa. Nyatichi alijaribu kupitisha kidole chini ya mkanda, hakikuingia. Wiki ile ile vidole viwili vilikuwa vikipita bila shida. Aliomba, akajaribu tena. Hakikuingia. Susana alichungulia juu ya ua, akajifunga leso yake vizuri, akarudi kwake.

Baba yao mdogo, Onchiri, alifika na kisu kutayarisha chakula cha waombolezaji.

"Tuanze na huyu. Sokoni hana bei."

"Baba aliniomba asichinjwe, baba mdogo."

"Na wageni wale nini? Ahadi?"

Aliushika mkanda amvute, akauachia. Akautazama mkono wake, kisha mbuzi. "Huyu ndiye niliyembeba kwapani wakati wa Krismasi?"

"Ndiye."

"Usinichezee, Nyatichi."

"Ndiye. Angalia mshono wa Baba."

Onchiri aliinama akaangalia. Alipoinuka alikuwa akikifunga kisu chake ndani ya gunia. "Tuchinje yule dume mweusi," alisema polepole. "Na huo mkanda ukate. Atakufa."

Nyatichi hakuukata siku hiyo. Moyoni aliona kwamba akiukata atakuwa amekubali maneno ya Susana, na pia kwamba baba yake harudi. Alipiga magoti, lakini kikohozi cha mbuzi kiliingia katikati ya kila sala.

Asubuhi ya mazishi alichukua kisu. Ngozi ilipokatika, kiviza alivuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyeamka.

Walimzika Mochama Jumapili, kando ya zizi. Mchungaji alisoma habari za ufufuo, kanisa likaimba. Jeneza lilikuwa fupi, Cliff na wenzake watatu walilishusha bila taabu. Nyatichi aliutupa mkanda pamoja na konzi yake ya udongo. Onchiri aliuona, akatupa udongo wake juu yake. Vijana walijaza kaburi kwa majembe, mchungaji akaomba, na watu wakaenda kunawa mikono.