Jino la Mchumba wa Lubumbashi

Mume wangu akicheka hufungua mdomo wote, na mimi nilikuwa namwona yule mwanamke. Alikuwa gegoni, upande wa kushoto, anang'aa. Kabla hatujajuana, kule Lubumbashi, mume wangu alikuwa na mchumba anayesomea udaktari wa meno, na huyo mchumba ndiye aliyemziba jino kwa madini ya fedha. Lilikuwa jino la kwanza mwanamke huyo kuziba maishani. Haya aliniambia mwenyewe, tena anatabasamu, mjinga yule!

Basi mimi, huku ugenini tulikohamia, nasuka vichwa vya watu mtaa wa Greyville kutwa, jioni nafua ovaroli zake za ghala la Clairwood, napika, halafu kila tonge la bukari, ugali wetu, linapita kwanza kwa bibi yule. Nilikuwa na wivu, ndiyo. Wivu wa kunikosesha usingizi.

"Papa," nikamwambia, "twende ukalibadilishe. Siku hizi iko dawa nyeupe ya kuzibia, haionekani."

"Mama, jino haliniumi."

"Linaniuma mimi."

Akacheka. Nikaliona tena.

Nikamsumbua hadi akakubali, tukaenda. Daktari wa meno, dada Mkenya, akachungulia, akaligonga. "Kazi safi sana hii. Nani alikuziba?"

Loh! Nilitamani kumnyang'anya kile kioo chake. Akatueleza kwamba fedha ni ngumu, inahimili nguvu za kutafuna, ila kuta za jino lenyewe zimebaki nyembamba. Akiichimbua atazipunguza zaidi. Na ile nyeupe, ikigandishwa kwa taa, hujikunyata kidogo na kuzivuta kuta kwa ndani.

"Mimi ningeliacha," akasema.

Mume wangu akanitazama. Nikakaza macho dirishani.

"Toa, daktari," akasema.

Eish, nilitamba! Jino jeupe, mume wangu peke yangu. Kisha maji baridi yakaanza kumchoma. Jumapili moja, tumetoka ibadani, akauma mfupa wa mbuzi, tukasikia ka! Gego lilikuwa limepasuka hadi mzizini. Likang'olewa.

Sasa pana pengo. Akitazama mpira, akingoja roboti, ile taa ya barabarani, iwe kijani, hata tukisali, ulimi wake unakwenda palepale, unapapasa, shavu linatuna.

"Unawaza nini, papa?"

"Hakuna kitu, mama."

Hakuna kitu! Zamani nilimwona yule mwanamke mume wangu akicheka tu. Siku hizi namwona hata akifunga mdomo.